Matokeo Baada ya Jua Kuzama

Jirani yangu wa saluni ni Mkatoliki, na kwa misimu miwili sasa, kila Jumamosi jioni yeye ndiye amekuwa akijua kabla yangu kama timu ya mwanangu imeshinda au imefungwa. Mimi ni Msabato. Ijumaa jua likishazama, mpaka Jumamosi lizame tena, sishoni, sipiki, sinunui, na habari za mpira sizisikilizi. Simu naizima na kuiweka kabatini pamoja na vitambaa vya wateja. Sasa timu yenyewe inacheza lini? Jumamosi. Saa nane mchana, Nairobi, kwenye uwanja wa zulia la kijani. Saa kumi haijafika, matokeo yako kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, na jirani, ambaye nilimtia kwenye kundi hilo mimi mwenyewe, anapita mbele ya mlango wangu hapa Rodi Kopany akijifanya anatafuta kuku wake.

Yawa! Saa hizo nilikuwa namchukia kabisa.

"Min nyako," ananiita, yaani mama wa msichana. "Niseme?"

"Nyamaza."

"Neno moja tu."

"Nyamaza, mwanamke wewe! Usinitie dhambini jua likiwa bado pale."

Anacheka, anaenda zake. Mimi nabaki barazani na Biblia mapajani, macho kwenye Zaburi, roho Nairobi. Baada ya muda nikawa nimemjua. Wakishinda, hatulii, atapita mara ya pili, mara ya tatu, kuku hao hawapatikani tu. Wakifungwa, anaingia saluni kwake na kusuka watu bila kelele, halafu baadaye ananiletea uji ambao sikuuomba. Nikiona kikombe kinakuja nasema, "Haya, imeshaharibika." Naye anajibu, "Sijasema kitu mimi. Ni uji tu huu."

Jua likigusa vilima, nafunga Sabato inavyofungwa: wimbo, sala, amina. Nikiwa peke yangu wimbo huo huwa mfupi kuliko unavyopaswa, Mungu anajua na tumeshazungumza naye. Kisha naruka kabatini, nawasha simu, na kidole kinapekua kama cha mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya waliofaulu.

Niseme ni mpira gani, maana huku ukisema mpira kila mtu anafikiria ule wa miguu. Mwanangu, kitinda mimba wangu, anacheza mpira wa magongo. Unashika gongo lililopinda mwisho, mpira wenyewe ni mdogo na mgumu, unaweza kukung'oa jino na ukaendelea na safari yake. Shule za wasichana za upande huu zimeucheza miaka mingi. Hata mimi niliucheza, beki, katika shule moja karibu na Awendo ambayo kiwanja chake kilipakana na shamba la miwa. Malori ya miwa yakipita barabarani mechi ilikuwa inasimama mpaka vumbi litulie na tuonane tena. Mwanangu naye akasoma shule hiyo hiyo, akacheza nafasi hiyo hiyo. Michezo yao ilikuwa katikati ya juma, kwa hiyo nilikuwa nafunga cherehani na kwenda kumtazama. Nilipiga kelele mpaka sauti inakauka. Baba yake alikuwa bado hai wakati huo, na alikuwa akienda kusimama upande wa pili wa kiwanja ili watu wasijue tumekuja pamoja.

Alipomaliza shule akaenda kusomea ualimu Nairobi, na klabu moja kubwa ya huko ikamchukua. Klabu hiyo ina timu mbili. Timu kubwa inacheza ligi kuu, siku za Jumapili. Timu ndogo, ya vijana wanaotazamiwa kupanda, inacheza ligi ya daraja la chini, siku za Jumamosi. Katikati ya msimu kocha wa timu kubwa anakuja kuwatazama hao wadogo na kupandisha wachache. Wanaobaki wanaambiwa waendelee kufanya bidii, na kila mwaka wanaingia wapya wenye mbio zaidi. Mtu akiachwa mara mbili, mara tatu, anaelewa mwenyewe bila kuambiwa.

Sasa unaiona shida yangu. Akiwa timu ndogo anacheza Jumamosi, na Jumamosi yangu ni ya Bwana. Akipanda, anacheza Jumapili. Na mimi nilikuwa nimeshapanga kila kitu: Jumamosi jua likizama napanda basi hapo barabarani, alfajiri niko Nairobi, Jumapili mchana nimekaa kwenye ngazi za uwanja na mwavuli wangu. Tangu amalize shule sikuwa nimemwona akicheza hata mara moja. Nilikuwa na video fupi fupi kwenye simu, na katika video hizo mwanangu ni kitu cha bluu kinachopita.

Nilimtamani, nisidanganye. Sio uso wake, uso nilikuwa nauona Krismasi. Nilitamani kumwona anavyoinama akimngoja mtu na mpira, anavyowafokea wenzake warudi nyuma, mtoto ambaye nyumbani ukimwuliza kama amekula anajibu kwa kichwa. Huyo wa nyumbani ni mpole, namshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini yule wa kiwanjani anafanana nami, na ndiye niliyekuwa nimemkosa.

Kuhusu yeye kucheza siku ya Sabato, tulizungumza mimi na yeye na yakaisha. Aliniambia anasali alfajiri kabla ya kuvaa viatu. Wamama wa kanisa walinijia kwa upole, wakaketi, wakakubali maji, wakaanza kuzunguka zunguka. Niliwakata kauli. Nikawaambia msichana ni mtu mzima, ana magoti yake ya kupigia, na mimi nina yangu. Walikunywa maji yao wakaenda. Hasira nilibaki nayo juma zima, na bahati mbaya kuna suruali ya mtu niliishona siku hizo, ikatoka mguu mmoja umesonga.

Kilichokuwa kinamrudisha nyuma mwanangu ni mguu.

Nitaeleza, na usinicheke. Viwanja vyetu vina mawe, vina mashimo ya fuko, vina mahali ambapo ng'ombe amekanyaga wakati wa mvua na pakakauka vile vile. Mpira ukija chini chini, unaweza kufika kwako ukiwa kwenye goti. Beki anayetegemea gongo peke yake ataachwa akiangalia mpira unavyopita. Kwa hiyo sisi tulikuwa tunaweka gongo, na nyuma ya gongo tunaweka mguu. Likikosa hili, hautakosa huo. Sheria inasema mpira usiguse mguu, na tulijua sheria inasema hivyo. Lakini waamuzi wetu walikuwa walimu waliocheza kwenye mashimo hayo hayo, na mpira ukigusa kiatu kidogo waliangalia juu kama wanaotafuta mvua. Nilicheza hivyo, nikamfundisha mwanangu hivyo, na mpaka leo nasema nilimfundisha vizuri. Bila mguu ule angekuwa hana meno.

Nairobi wakamwambia huo mguu ni ugonjwa. Kwenye zulia mpira unakuja umenyooka, unakuja kwa kasi, na mguu ukiwa pale lazima utaguswa. Filimbi! Na beki akiguswa ndani ya lile nusu duara la mbele ya goli, wapinzani wanapewa kona fupi. Hiyo ni balaa. Mabeki wanne na kipa wanajipanga kwenye mstari wao, wapinzani wanasogea wote, mpira unapigwa kuelekea kwenu kama risasi. Mwanzo wa msimu huu timu ndogo ilifungwa mechi baada ya mechi, na magoli kadhaa yalitokana na mguu wa mwanangu. Miezi hiyo nilikunywa uji mwingi.

"Ni mguu tu, mama," aliniambia kwenye simu. "Kocha anasema mengine yote yako sawa."

"Mwambie kocha aje acheze Awendo, tuone atakavyoweka miguu yake."

"Mama!"

"Mwambie. Hata mimi bado naweza kusimama beki, aje na timu yake yote."

Alicheka, na kile kicheko nilikaa nacho siku kadhaa. Lakini hakuwa mtu wa kulaumu kiwanja. Alichukua mpira wa tenisi, akawa anaupiga kwenye ukuta wa nyuma ya hosteli na kuuzuia kwa gongo, miguu ameitanua mbali. Mwenzake wa chumbani alikuwa amekaa pembeni anamzomea kila mguu ukisogea. Juma la kwanza alizomewa mpaka majirani wakalalamika.

Na ikabadilika. Kuanzia katikati ya mvua za masika timu ndogo ikaacha kufungwa ovyo. Wakatoka sare na timu iliyokuwa juu yao. Wakashinda, wakashinda tena. Jirani alipita mbele ya mlango wangu akitafuta kuku mpaka nikamwambia awafungie. Jioni moja nikawasha simu nikakuta sauti ya mwanangu: "Mama, leo filimbi haikulia kwangu hata mara moja." Basi. Maneno ni hayo tu, na nyuma yake wenzake wanapiga makelele. Niliwasikilizisha wateja wote waliokuja juma hilo. Mwalimu mmoja aliyeleta sketi za kwaya alisikiliza mara mbili kwa heshima, akauliza, "Sasa hiyo filimbi ni ya nini?" Nikamwambia akae chini.

Kocha wa timu kubwa alianza kuja kuwatazama. Mwanangu akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kuliamsha jambo lenyewe, kwamba beki mmoja wa timu kubwa ameumia na nafasi iko. Kocha angewatazama mechi mbili tatu, halafu baada ya mechi fulani angesoma majina. Mechi hiyo fulani ilikuwa ya ugenini.

Ugenini wapi? Homa Bay.

Nilipoambiwa nilicheka peke yangu dukani. Nusu saa kwa gari kutoka mlangoni kwangu! Mtoto anatolewa Nairobi na basi, analetwa mpaka ziwani, anachezea nafasi yake ya kupanda kwenye kiwanja ninachokijua, mbele ya watu wanaozungumza lugha ya kwao. Jumamosi, saa nane mchana. Kicheko kikaniishia hapo.

"Utakuja, mama?" aliniuliza.

Niliona aibu, niliona uchungu, nilitamani mtu mwingine ajibu. "Nitakuwa kanisani, nyathina," nikamwambia. Mwanangu.

"Najua," akasema. "Nimeuliza tu."

Hilo neno "nimeuliza tu" lilinikaa kifuani juma zima. Angekasirika ingekuwa rahisi. Jirani alinishauri nipite tu barabarani kama mtu anayekwenda sokoni, nigeuze shingo kidogo. "Mungu naye ana mambo mengi Jumamosi," akasema. Nilimwambia shingo yangu ikigeuka haitarudi. Mimi najijua. Nikimwona akiinama dakika moja tu, nitakuwa ndani ya kiwanja nikimfokea mwamuzi, na Sabato yangu yote itakuwa imekwenda na maji. Ile ahadi ya Sabato nimeishika tangu nikiwa msichana. Nimeishika mwaka ambao mume wangu alikuwa hospitalini, na nimeishika miaka ambayo wateja waliniacha kwa sababu sifungui duka siku ya soko. Sio kitu ninachoweza kukiweka chini kidogo na kukiokota baadaye.

Hata hivyo, siku hiyo nilikwenda kusali Homa Bay. Kuna kanisa letu moja huko lisilo mbali na kiwanja, na nilimwambia mwanangu kwamba ndiko nitakakokuwa. Mtu asiniulize kwa nini nilichagua hilo.

Ijumaa nilipika nyoyo, yaani mahindi na maharagwe, nikayachemsha mpaka yakalainika anavyoyapenda, nikayatia kwenye hotipoti kabla jua halijazama. Nikaongeza viazi vitamu na chupa ya maziwa lala. Jirani alikuwa amekwenda Migori kwenye mazishi ya shemeji yake, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kunitania. Jumamosi asubuhi nilivaa nguo yangu ya bluu, nikapanda gari na kapu langu, nikafika mapema, nikakaa upande wa dirisha.

Ibada ya asubuhi nilikuwa mzima. Baada ya chakula cha mchana kulikuwa na kipindi cha mafundisho, na mwalimu alikuwa mzee mmoja mwenye sauti ya taratibu sana. Saa nane ikafika. Nikasikia filimbi.

Lo! Kiwanja hakikuonekana, palikuwa na nyumba katikati, lakini upepo wa ziwa ulikuwa unaleta kila kitu: watu wanashangilia, mtu anaita, na ule mlio wa gongo na mpira, kavu, ambao ukishauzoea huwezi kuuchanganya na mwingine. Nilijaribu kusikiliza mafundisho. Mwalimu alikuwa kwenye safari za Paulo, na kila Paulo alipopanda chombo filimbi ililia. Hii ni ya nani? Wamemgusa nani? Halafu kimya kirefu, na mimi najua kimya kile, ni cha watu wanaojipanga kwa kona fupi. Nikafumba macho. Nikasikia mlio mmoja mkubwa, kisha kelele. Kelele za nani, sikujua. Mama aliyekaa kando yangu aliniona nimeshika kiti kwa mikono miwili, akafikiri nimeguswa na neno. Akanipa leso.

Sikutoka. Nasema hivyo bila kujisifu, maana sijui kama ni jambo la kujisifia. Nilikaa pale mpaka filimbi ndefu ya mwisho ikalia, na baadaye kidogo kipindi kikafungwa.

Mwanangu alinikuta uani, kwenye benchi karibu na tangi la maji. Alikuja mbio ndogo, ametupia jaketi juu ya jezi, soksi zimeshuka, magoti yana udongo mwekundu. Amekuwa mwembamba na mrefu, au ni mimi niliyekuwa nimesahau. Nilimkumbatia na jasho lake lote.

"Basi linaondoka sasa hivi," akasema. "Nimeomba nafasi kidogo tu nije nikusalimie."

"Usiniambie kitu," nikamwambia upesi upesi. "Jua bado."

"Sikuambii, mama."

Tukakaa. Nikafungua hotipoti. Alikula taratibu, kijiko kwa kijiko, na nikamwambia kula vizuri, huko wanakulisha nini? Akasema, "Niambie habari za nyumbani." Kwa hiyo nikamwambia. Nikamwambia mbuzi aliyeingia dukani akala kola ya shati la mwalimu mkuu, na jinsi nilivyomfukuza na yadi yangu ya mbao ya kupimia vitambaa mpaka kwenye mtaro, na jinsi mwalimu mkuu alivyokuja siku hiyo hiyo kulichukua shati lake. Nilisimulia vizuri. Nilijua nasimulia vizuri, kwa sababu niliona mdomo wake unatabasamu. Alilaza kichwa chake begani kwangu, na mimi nikasema, umechoka, nyathina, na udongo huu wote utaniharibia nguo ya Sabato. Akasema pole. Hakukiondoa kichwa, na nilifurahi hakukiondoa.

Tukakaa hivyo. Nilikuwa nimemkosa kwa muda mrefu, na sasa uzito wake ulikuwa juu yangu, na nilikuwa nasikia anavyopumua. Basi likapiga honi huko barabarani. Hapo ndipo niliposhindwa. Miaka yote hiyo, jirani na kuku wake, leso ya yule mama, nilishinda yote, na nikashindwa kwenye benchi.

"Hebu niambie," nikasema. "Amesoma majina?"

Aliinua kichwa akaniangalia. "Mama! Jua bado liko juu."

"Neno moja tu."

"Hapana." Akatabasamu, akanifutia udongo begani kwa kiganja. "Utafunga Sabato yako vizuri, halafu utanipigia. Sawa?"

Honi ikalia tena. Akachukua viazi viwili mkononi, akakimbia. Nilimtazama mpaka getini, na nilijisemea, mtu anayekimbia hivyo na viazi mkononi ana habari njema. Mtu mwenye habari mbaya hawezi kunikatalia akitabasamu. Nilijipa jibu mwenyewe, na jibu lilinipendeza.

Nikarudi Rodi Kopany nikiwa na raha ya ajabu. Niliimba njiani chini chini, kondakta akaniuliza kama tulikuwa na kambi ya kanisa. Nyumbani nilikaa barazani nikiwaza Jumapili. Niliwaza basi gani nitapanda. Niliwaza nibebe nyoyo au nibebe chapati, maana watakuwa wengi, timu kubwa ile, siwezi kumlisha mmoja wengine wakiangalia. Niliwaza mpaka nguo nitakayovaa. Jua siku hiyo lilikaa pale pale, halitaki kushuka, nami sikulikasirikia.

Liliposhuka nikafunga Sabato, na siku hiyo wimbo niliuimba wote, ubeti kwa ubeti, kwa shukrani. Kisha nikawasha simu nikampigia.

"Umefunga?" akauliza. Nilisikia basi linavyonguruma.

"Nimefunga. Sema sasa!"

"Sikuchaguliwa, mama."

Nilisema "ee?" kama mtu asiyesikia. Akarudia.

"Dakika za mwisho," akasema. "Tulikuwa tunaongoza. Mpira ukaja unaruka, unaruka vile vile kama wa Awendo, nikaweka mguu. Sikufikiria. Kiwanja kile, mama, na watu wanaita kwa Kijaluo, mguu ulikwenda wenyewe. Nilijiona niko nyumbani." Wapinzani wakapewa kona fupi, wakasawazisha. Kocha akasoma majina pale pale kando ya basi. Akachukua beki mwingine, msichana mzuri, anastahili, mwanangu akasema.

"Kando ya basi," nikasema. "Kabla hujaja kanisani?"

"Kabla."

"Ulikuwa unajua? Umekaa pale na mimi unajua?"

"Ulikuwa bado kwenye Sabato yako. Sikutaka kukuharibia."

Nilikuwa naona lile benchi. Mtoto aliacha kazi ya mwaka mzima pale kiwanjani, akaomba ruhusa, akakimbia kunitafuta, akalaza kichwa begani kwangu, na mimi nikamsimulia mbuzi. Nikamlalamikia udongo. Mkono wangu ulikuwa hapa, kichwa chake kilikuwa hapa, na sikumshika inavyopasa kumshika mtu aliyeumia, kwa sababu sikujua, na sikujua kwa sababu mwenyewe nilimwambia asiniambie. Misimu miwili nilikuwa nalilia kumwona akicheza. Saa ile sikutaka tena kuona mechi yoyote ya mtu yeyote. Nilitaka lile benchi tu.

"Mko wapi sasa?" nikamwuliza.

"Tumeshapita Kisii."

Halafu akaanza kulia. Alilia kwa kujibana, maana wenzake walikuwa karibu, na yule aliyechaguliwa alikuwa kiti cha mbele yake. Nilisimama katikati ya duka na giza linaingia, simu nimeibana sikioni kwa mikono miwili. "Lia tu, nyathina," nikamwambia. "Lia, niko hapa." Nikasikia anavuta pumzi, na basi linapanda mlima, linazidi kwenda. "Niko hapa," nikasema. "Niko hapa, mama yako niko hapa." Niliendelea kusema hivyo mpaka mtandao ukakatika.